UZI: Chuma kilichomo nyongani mwa mama yangu, ganda lake, na sumaku inayolisoma

Mwalimu wa Ngamiani

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo.

Mwaka juzi mama yangu aliteleza uani, asubuhi ya mvua, akavunjika shingo ya paja. Akafanyiwa upasuaji, akawekewa nyonga ya bandia, na namshukuru Mungu alirudi kutembea. Soko la Mgandini anakwenda mwenyewe na mkongojo wake. Mwaka huu mgongo ukaanza kumsumbua, miguu inakufa ganzi, daktari akamwandikia kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku kubwa. Tukasafiri. Tulipofika, swali la kwanza lilikuwa: mama ana chuma gani mwilini, kiliwekwa lini, karatasi yake iko wapi?

Karatasi hatukuwa nayo. Kule alikofanyiwa upasuaji, ambako sitapataja, hatukupewa kadi yoyote, na sisi hatukujua kwamba ni kitu cha kuomba. Tukarudi Tanga bila kipimo, mama amekaa kwenye basi anaumwa, nami nimeona aibu. Nafundisha fizikia. Sumaku naifundisha kila mwaka, lakini sikuweza kueleza kilichomo ndani ya mama yangu.

Tangu hapo nasoma. Naweka hapa niliyoyapata, kwa sababu mjini humu vijana wa bodaboda wenye vyuma miguuni ni wengi, na wazee wenye nyonga za bandia wanaongezeka.

Naanza na mfupa wenyewe. Wengi tunadhani chuma kikiwa kigumu zaidi ndiyo bora. Sivyo. Ganda la nje la mfupa wa paja lina ukinzani wa kupinda wa gigapaskali (kizio cha kupimia ukinzani huo) 15 hadi 25 hivi. Chuma kisichoshika kutu kinafika karibu 200. Aloi ya titani, yaani titani iliyochanganywa na metali nyingine, ile yenye alumini sehemu 6 na vanadi sehemu 4 katika kila 100, iko kwenye 110. Ukiweka kitu kigumu mno kando ya mfupa, sehemu kubwa ya mzigo wa mwili inapita kwenye chuma, na mfupa unabaki na kazi ndogo. Mfupa usiopewa kazi hupungua, kama msuli wa mtu aliyelazwa muda mrefu. Ndiyo maana titani inapendwa: nyepesi, na haiuonei mfupa sana.

Lakini hata hiyo siyo sababu kubwa. Sababu kubwa iko kwenye ngozi yake. Titani ikigusa hewa, papo hapo inajivika oksaidi, yaani titani iliyoungana na oksijeni, ganda la nanomita chache tu. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa nanomita zaidi ya 50,000, kwa hiyo pimeni wenyewe. Mwili haukutani na titani kamwe, unakutana na lile ganda. Mwaka 1952 huko Sweden, Per-Ingvar Brånemark alikuwa anachunguza damu inavyotembea ndani ya mifupa ya sungura, kwa kifaa kidogo cha titani alichokipachika mfupani. Alipotaka kukitoa hakikutoka. Mfupa ulikuwa umekishika. Mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wa kwanza mizizi ya meno ya titani.

Nitaendelea jioni nikitoka shule.

Kijana wa Boda Kange

Mwalimu shikamoo. Pole sana kwa mama.

Mimi nilivunjika mguu, nikafungwa hogo kwanza, ikashindikana, nikawekewa bamba na skrubu sita. Baada ya mwaka na nusu vikatolewa nikapewa mwenyewe, viko nyumbani kwenye kopo. Sasa kinachonisumbua: vile vyuma ni vya rangi ya zambarau, na skrubu mbili ni bluu. Siku zote najiuliza, ina maana nilikuwa natembea na rangi ya kupaka mwilini? Rangi ile haiingii kwenye damu?

Mwalimu wa Ngamiani

Marahaba mdogo wangu. Swali lako limenipa raha, maana jibu lake ni zuri kuliko watu wanavyodhani.

Hakuna rangi pale. Hakuna hata tone. Wewe unakaa kijiweni, mvua ikinyesha umeona mafuta ya dizeli juu ya dimbwi: kijani, zambarau, bluu, yanacheza. Dizeli haina rangi hizo. Utando wake ni mwembamba sana, mwanga unaorudi kutoka juu ya utando unakutana na ule unaorudi kutoka chini yake, baadhi ya rangi zinafutana na nyingine zinapeana nguvu. Unene wa utando ndio unaochagua rangi itakayobaki.

Bamba lako ni hivyo hivyo. Kiwandani wanalitumbukiza kwenye maji yenye chumvichumvi, wanaliunganisha na ncha chanya ya umeme, na lile ganda la oksaidi linakua. Kila volti moja inaongeza takriban nanomita 2. Volti chache unapata dhahabu iliyofifia, ukipandisha inakuja zambarau, kisha bluu. Baadhi ya watengenezaji wanatumia rangi hizo ili daktari aitofautishe haraka skrubu ya ukubwa huu na ule. Ulichokuwa nacho mguuni ni oksaidi ileile ya kawaida, ila imenenepeshwa.

Fundi Mabawa

Mwalimu, mimi ni mchomeleaji. Titani nimewahi kuletewa mara moja, kipande cha bomba la meli. Ukiichomelea bila kuifunika kwa gesi ya agoni inageuka rangi hizohizo, halafu inakatika kama biskuti. Kwa hiyo ganda nalifahamu kwa upande wake mbaya.

Swali langu ni la kifundi. Bati la zinki linashika kwa sababu zinki na chuma vinaungana pale mpakani. Rangi ya mafuta ukiipaka juu ya bati jipya bila kulikwangua, mvua mbili inabanduka. Nimesikia nyonga hizi zinapakwa unga wa mfupa juu ya chuma. Unga wa mfupa unashikaje kwenye titani? Na mtu akitembea miaka kumi haubanduki?

Mwalimu wa Ngamiani

Fundi, hapo ndipo penyewe.

Kwanza, siyo nyonga zote. Nyingine zinabandikwa kwa saruji ya mifupa. Jina lisituchanganye sisi watu wa mji wa saruji: ile ni plastiki ya akriliki inayochanganywa palepale mezani kwa upasuaji, haina chokaa wala mawe ya Pongwe. Nyingine hazitumii saruji, zinategemea mfupa wenyewe uote na kuzishika. Ya mama, tulivyokuja kugundua, ni ya aina hii ya pili.

Unga unaousema unaitwa hidroksiapatiti. Ni kalsiamu, fosforasi, oksijeni na haidrojeni. Kwa kila atomi 10 za kalsiamu kuna 6 za fosforasi, uwiano wa 1.67. Madini ya mfupa wako ni ndugu wa karibu wa kitu hicho, ingawa ya mfupa yana kabonati na uchafu mwingine wenye manufaa. Mfupa ukikutana nayo unaiona kama jirani.

Namna ya kuipaka inayotumika zaidi ni bunduki ya plasma. Gesi inapitishwa kwenye cheche ya umeme, inafikia nyuzi zaidi ya 10,000, unga unarushwa humo, chembe zinayeyuka ngozi yake, zinagonga titani na kuganda zikiwa zimebapa kama chapati. Ganda linafika unene wa mikromita 50 hadi 200, na mikromita moja ni nanomita 1,000. Linashikwa na mikwaruzo: titani inapigwa mchanga kwanza ili uso uwe na vishimo. Nenda kaangalie nyumba za zamani za matumbawe, zile za kule mjini karibu na bandari. Chokaa imekaa miaka na miaka kwa sababu jiwe la matumbawe lina matundu na chokaa imeingia ndani yakashikana. Paka chokaa hiyohiyo kwenye kioo uone.

Ubaya wake uko kwenye joto. Ukiichoma hidroksiapatiti kwa joto hilo, sehemu yake inabadilika. Haidrojeni na oksijeni zilizoungana ndani yake zinatoroka kama mvuke wa maji. Sehemu nyingine inapoa haraka mno hata atomi hazipati muda wa kujipanga, zinabaki fujo. Fujo hiyo huyeyuka upesi mwilini. Kidogo inasaidia, maana inamwaga kalsiamu na fosforasi na mfupa unaota haraka. Ikizidi, ganda linaliwa kabla mfupa haujafika, na nyonga inalegea. Na ganda likiwa nene kupita kiasi, linapasuka na kubanduka, kama ulivyosema.

Kwa hiyo anayelitengeneza lazima ajue: kiasi gani kimejipanga, kiasi gani ni fujo, haidrojeni imebaki kiasi gani. Kwa macho yote ni meupe. Hata hadubini haitoshi.

Mwenyeji wa Usa River

Samahani kwa kuingilia. Umetaja hidroksiapatiti nikakumbuka meno yetu sisi wa huku Arusha. Maji yenye floridi nyingi, meno yanakuwa ya kahawia. Tuliambiwa floridi inaingia kwenye jino. Ni habari moja na hii?

Mwalimu wa Ngamiani

Ni habari moja kabisa kaka. Floridi inachukua kiti cha ile oksijeni-haidrojeni ndani ya madini ya jino, kwa sababu zinalingana ukubwa. Ikiwa kidogo jino linakuwa gumu zaidi kwa asidi. Ikizidi wakati jino la mtoto linajengwa, linaharibika. Hata mbolea ya Minjingu ni mawe ya ukoo huuhuu wa apatiti. Watafiti wa maganda ya nyonga wanalitumia jambo hilohilo kwa makusudi: wanaweka floridi kidogo ili ganda lisiyeyuke upesi, au strontiamu ili kuuchochea mfupa, au fedha na zinki ili bakteria wasijenge kambi juu ya chuma. Hilo la bakteria ni zito. Wakishajishikiza juu ya chuma na kujifunika ute wao, dawa haziwafikii vizuri, na mara nyingi chuma inabidi kitolewe.

Binti Kigombe

Mwalimu endelea na pale ulipofika. Wanajuaje kilichojipanga na kilicho fujo?

Mwalimu wa Ngamiani

Sasa nakuja kwenye sumaku. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie, ndipo nilipokosa usingizi wiki mbili.

Kiini cha atomi ya fosforasi kina tabia ya sumaku ndogo inayozunguka. Kirushe ndani ya sumaku kubwa, kitayumba kama pia ya watoto inayokaribia kuchoka: inazunguka, na mhimili wake nao unazunguka. Kasi ya kuyumba inafuata nguvu ya sumaku kwa uwiano usiobadilika. Kwa haidrojeni ni mara milioni 42.58 kwa sekunde katika kila tesla moja, ndicho kizio cha nguvu ya sumaku. Kwa fosforasi ni milioni 17.2. Ukituma mawimbi ya redio yenye mapigo ya kasi hiyohiyo, kiini kinaitikia. Ukituma kasi nyingine, kimya. Ni kama mtu anayesukuma pembea ya mtoto: ukisukuma kwa mapigo yake inapanda, ukisukuma ovyo haiendi. Huo ndio mvumo wa sumaku.

Kwenye mashine ya hospitali ya tesla 1.5, haidrojeni inaitika kwenye megahezi 64 hivi, yaani mara milioni 64 kwa sekunde. Kwenye ya tesla 3, karibu 128. Redio zenu za FM ziko katikati, 88 hadi 108. Ndiyo maana chumba cha MRI kimezungushiwa shaba ukutani, redio za mjini zisiingie kuvuruga.

Walioona mvumo huu kwenye vitu vya kawaida, maji na nta, ni Felix Bloch na Edward Purcell na wenzao, kila kundi peke yake, Marekani, mwisho wa 1945 na mwanzo wa 1946. Wawili hao wakapewa Nobeli mwaka 1952. Picha za mwili zilikuja baadaye sana: Paul Lauterbur alichapisha wazo lake mwaka 1973. Mashine waliyoogopa kumwingiza mama ni mtoto wa kazi ya wanafizikia waliokuwa wanataka kujua viini tu.

Uzuri unaonigusa ni huu. Kiini hakioni sumaku kubwa peke yake. Elektroni zinazokizunguka zinaikinga kidogo, na majirani nao wanaongeza au kupunguza. Kwa hiyo fosforasi iliyo ndani ya hidroksiapatiti na fosforasi iliyo kwenye chumvi nyingine zinaitika kwenye sehemu mbili tofauti kidogo, tofauti ya sehemu chache katika milioni. Hidroksiapatiti inaitika karibu na 2.8 kwenye kipimo hicho. Ikiwa imejipanga vizuri, mwitiko wake ni mstari mwembamba, kwa sababu kila fosforasi ina jirani walewale. Ikiwa fujo, kila moja ina jirani wake, mwitiko unatanuka. Pita nje ya madrasa watoto wakisoma pamoja, unasikia sauti moja. Pita Mgandini saa nne asubuhi, unasikia uvumi mpana. Watu wanaweza kuwa idadi ileile. Upana wa sauti ndio unaokueleza kama wamejipanga.

Na kwa haidrojeni unaweza kuuliza swali la pili: ile iliyotoroka kwenye joto la plasma. Haidrojeni iliyo ndani ya hidroksiapatiti inaitika karibu na sifuri, ya maji iko mbali, karibu na 5. Unaona ipi imebaki.

Fundi Mabawa

Lakini hilo ganda ni gumu, siyo maji. Kwenye kigumu majirani hawahami. Sauti si itakuwa nene hata kama wamejipanga?

Mwalimu wa Ngamiani

Fundi, ungekuwa darasani kwangu ningekupa kalamu uendelee mwenyewe.

Ni kweli. Kwenye maji chembe zinageuka haraka, kelele za majirani zinajifuta. Kwenye kigumu hazijifuti, na kwa miaka mingi vitu vigumu vilitoa vilima tu visivyosomeka. Suluhisho lilikuja mwishoni mwa miaka ya 1950, Uingereza kwa Raymond Andrew na wenzake, na Marekani kwa Irving Lowe. Unasaga unga, unaujaza kwenye kichupa kidogo, unakizungusha mara maelfu kwa sekunde, mhimili wake ukiwa umelala nyuzi 54.74 kutoka uelekeo wa sumaku. Kwenye pembe hiyo, na hiyo tu, kelele za majirani zinafutana. Kigumu kinaanza kusema kama maji.

Pembe hiyo siyo uchawi, mtaipata nyumbani. Chukua boksi lenye pande zote sawa. Pima pembe kati ya ukingo mmoja unaotoka kwenye kona na mstari unaotoka kona hiyo, ukapita katikati ya boksi, hadi kona ya mkabala. Ni 54.74. Niliwaonyesha kidato cha nne kwa boksi la chaki tulilolikata likawa mraba, na nilishindwa kuendelea na somo kwa dakika kadhaa. Jiometri ya boksi ndiyo inayofungua mdomo wa mfupa.

Kuna kikwazo kimoja kinachowahusu moja kwa moja wenye chuma. Mawimbi ya redio hayapenyi chuma, na chuma kikizungushwa ndani ya sumaku kinazalisha umeme ndani yake, kinapata joto na kupinga kuzunguka. Huwezi kuitia nyonga nzima kwenye kichupa kile cha kuzungushwa. Inabidi ganda likwanguliwe likawa unga. Na fosforasi ni rahisi, kila atomi yake inaitika. Silikoni, inayotumika kwenye kioo cha mifupa alichokibuni Larry Hench kuanzia 1969, ni atomi karibu 5 tu katika 100 zenye kiini kinachoitika. Unasubiri masaa, wakati mwingine siku, kukusanya sauti.

Binti Kigombe

Asante mwalimu. Mimi nimezaliwa pwani, baba mvuvi. Nilisikia matumbawe wanayafanya mfupa wa binadamu. Kweli au maneno ya vijiweni?

Mwalimu wa Ngamiani

Kweli dada. Mwaka 1974 Della Roy na Sari Linnehan walichapisha namna ya kuyageuza. Matumbawe ni kalsiamu kabonati. Ukiyaweka kwenye mmumunyo wa fosfati chini ya joto na mgandamizo, kabonati inatoka, fosfati inaingia, na matundu yote yanabaki palepale. Matundu hayo yanafanana na ya mfupa, seli zinaingia, mishipa inaota. Yalikuja kutumika hospitalini kuzibia mapengo ya mifupa.

Ila nakuomba, na wote mnaosoma kutoka Kigombe hadi Mwarongo: isiwe sababu ya kuvunja mwamba. Mabomu ya uvuvi yameshatuumiza vya kutosha, na tangu 2009 tuna hifadhi ya bahari ya silikanti, yule samaki wa kale, hapa. Mifupa ya samaki inayotupwa ferini nayo ukiichoma kwa joto kali inaacha apatiti. Ningependa kijana mmoja wa Tanga aichukue hiyo kuwa kazi yake ya shahada.

Kijana wa Boda Kange

Mwalimu, paketi ya vyuma vyangu daktari alinionyesha imeandikwa imeuawa vijidudu kwa mionzi. Mionzi hiyo ilibaki mwilini?

Mwalimu wa Ngamiani

Hapana. Mionzi ya gama inapita kama mwanga unavyopita dirishani. Haigeuzi chuma kuwa na mnururisho.

Kwenye plastiki lakini inaacha alama nyingine, na hapa nyonga ya mama inahusika, kwa sababu ndani ya kikombe cha nyonga kuna plastiki ya polithini ngumu, mpira, yaani kile kichwa cha mviringo cha nyonga, unateleza juu yake. Mionzi inakata minyororo ya plastiki na kuacha elektroni zisizo na mwenza. Elektroni hizo zinasubiri oksijeni. Oksijeni ikifika, plastiki inakuwa dhaifu pole pole, inasagika. Kwa miaka mingi vikombe vilipigwa mionzi vikiwa kwenye hewa, na vingine viliwahi kuharibika hata kabla ya kutumika, vikiwa bado stoo. Baadaye wakaanza kuvifunga kwenye gesi isiyo na oksijeni, au kuipasha moto plastiki baada ya mionzi ili elektroni zipate wenza.

Wanajuaje elektroni pweke zimebaki? Kwa sumaku tena, ila safari hii inayoitika ni elektroni. Mvumo huo uligunduliwa na Yevgeny Zavoisky mjini Kazan mwaka 1944, vita vikiwa bado vinaendelea. Elektroni ni sumaku yenye nguvu mara mamia kuliko kiini, kwa hiyo inasikika hata zikiwa chache sana. Mionzi ikipita kwenye jino la mtu, inaacha elektroni pweke kwenye apatiti ya jino, na zinakaa humo miaka na miaka. Baada ya ajali ya Chernobyl ya 1986, meno ya watu yalipimwa hivyo ili kujua kila mmoja alipata mionzi kiasi gani. Jino linatunza kumbukumbu ambayo mwenye jino hana.

Nesi Mstaafu

Mwanangu, nimesoma yote. Nimefanya kazi miaka mingi, ya mwisho kwenye vipimo vya picha. Naomba niseme upande wetu.

Hatuulizi karatasi ili kuwasumbua. Sumaku ile haizimwi jioni. Inavuta usiku na mchana, kwa nguvu zaidi ya mara 30,000 ya sumaku ya dunia. Kiti cha magurudumu, mtungi wa oksijeni, mkasi mfukoni, vyote vinaruka. Ndani ya mwili hofu zetu ni tatu: kitu kisogee, kipate joto kwa yale mawimbi ya redio, au kiharibu picha. Titani haivutwi kwa namna ya kuhofia, na nyonga nyingi za siku hizi zinaruhusiwa kwa masharti. Tangu 2005 kuna alama tatu: salama, salama kwa masharti, na si salama. Lakini kwa sura siwezi kujua mama yako amewekewa nini. Kuna klipu za zamani za mishipa ya kichwani, kuna betri za moyo, kuna vipande vya chuma machoni mwa mafundi. Fundi Mabawa, wewe siku ukienda, sema kazi yako kabla hujaulizwa.

Mama alipimwa mwishowe?

Mwalimu wa Ngamiani

Shikamoo mama. Asante sana kwa maneno hayo.

Amepimwa. Tulirudi pale pa upasuaji, karani mmoja mwenye moyo akatafuta faili siku mbili, na ndani yake kulikuwa na stika za paketi zimebandikwa kwenye ripoti ya daktari: aina ya nyonga, namba yake, shina la titani lenye ganda la hidroksiapatiti, mpira wa kobalti na kromu. Tukaja nazo na eksirei. Mtaalamu akasoma, akathibitisha masharti, akamwingiza kwenye mashine ya tesla 1.5. Niliiona picha. Uti wa mgongo unaonekana vizuri, na diski moja imebonyea ikabana neva, ndiyo inayomuumiza. Upande wa nyonga kuna kivuli cheusi kilichopinda, pale chuma kilipoivuruga sumaku. Mpira wa kobalti na kromu unavuruga zaidi ya titani, na chuma kisichoshika kutu kingevuruga zaidi ya vyote.

Stika nimezipiga picha, nikaandika kadi, nikaipeleka kufunikwa plastiki: jina lake, tarehe ya upasuaji, upande wa kulia, aina, namba, madini ya shina na ya mpira. Moja iko kwenye mkoba wake, moja kwangu, moja kwa dada yangu Korogwe.

Nesi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri. Andika na jina la daktari.

Kijana wa Boda Kange

Mwalimu, lile bamba langu kwenye kopo. Ungelitaka kwa wanafunzi?

Mwalimu wa Ngamiani

Ningelitaka sana. Lichemshe kwanza. Fundi, una msasa laini?

Fundi Mabawa

Ninao. Jumamosi saa tatu niko shuleni.

Mwalimu wa Ngamiani

Mrejesho wa Jumamosi.

Fundi alilisugua bamba hadi zambarau yote ikatoka, likabaki jeupe kama kijiko. Tukaweka maji na magadi kidogo kwenye bakuli la kioo, kipande cha sufuria ya alumini upande wa ncha hasi, bamba upande wa ncha chanya. Betri moja ya volti 9: ncha ya bamba ikawa dhahabu iliyoelekea kahawia. Betri mbili kwa mfuatano, tukatumbukiza sehemu nyingine: zambarau ikarudi. Betri tatu: bluu. Wanafunzi 31 walinyamaza, kisha wakaanza kupiga makofi. Mdogo wetu wa Kange alikuwa amesimama nyuma, amevaa reflekta yake, analitazama bamba lililomshika mguu mwaka na nusu.

Jioni nikampelekea mama. Alilishika muda mrefu, akaligeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akapitisha kidole juu ya bluu kuona kama inatoka. Haikutoka. Akaniuliza kama na lake la ndani lina rangi. Nikamwambia lake ni jeupe, lina ganda la mfupa juu, na sasa hivi pengine mfupa wake mwenyewe umeshaliingia. Akarudisha bamba, akaomba maji ya kuswalia.

Leo Jumatatu bamba liko kabatini maabara. Nesi, jina la daktari nimeliongeza kwenye kadi zote tatu.